Nevada 1864: jimbo lililozaliwa siku nane kabla ya uchaguzi

Tarehe 26 Oktoba 1864, katika mji mdogo wa Carson City ulio kwenye jangwa la magharibi mwa Marekani, mpiga telegrafu alipewa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kabla yake. Alitakiwa kupeleka Washington katiba nzima ya Nevada, kifungu kwa kifungu, kwa nukta na vistari. Ilikuwa na maneno 16,543. Hapakuwa na waya wa moja kwa moja hadi mji mkuu, kwa hiyo Carson City ilipiga hadi Salt Lake City, Salt Lake City ikapiga upya hadi Chicago, Chicago hadi Philadelphia, na Philadelphia ndiyo iliyofikisha kwenye ofisi ya telegrafu ya Wizara ya Vita. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Ilipoandikwa mwishoni mwa safari ilijaza kurasa 175, na gharama yake ilikuwa dola 4,303 na senti kadhaa, pesa nyingi mno kwa zama hizo.

Gavana James Nye hakufanya hivyo kwa kupenda makuu. Alikuwa amekwisha kutuma nakala zilizothibitishwa kwa njia ya nchi kavu na kwa njia ya bahari. Zilikawia. Habari ikaja kwamba Rais Abraham Lincoln bado hajaiona katiba hiyo, na bila kuiona asingeweza kutangaza kwamba Nevada imekuwa jimbo. Uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 8 Novemba. Lincoln alitia saini tangazo lake tarehe 31 Oktoba, na hivyo jimbo la 36 likaingia kwenye uchaguzi wake wa kwanza wa rais likiwa na umri wa siku nane.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa sentensi moja: Lincoln alihitaji kura, akajitengenezea jimbo. Nadhani sentensi hiyo inawaonea watu wa Nevada, na pia inatuficha jinsi kanuni za kuhesabu kura zinavyoweza kuamua mambo kabla ya mpiga kura hajafika kituoni.

Hofu ya mwezi Machi

Sheria ya kuwaruhusu watu wa Nevada kuandika katiba ya jimbo ilitiwa saini tarehe 21 Machi 1864. Tuisome tarehe hiyo kama walivyoisoma wenyewe, bila kujua mwisho wa vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya Kaskazini ya Lincoln na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, vilikuwa vinaelekea kutimiza mwaka wa tatu. Tangu Andrew Jackson mwaka 1832 hakuna rais aliyekuwa amechaguliwa kwa muhula wa pili. Chama cha Lincoln chenyewe kilikuwa na mpasuko, na mwishoni mwa Mei waliomwona ni mpole mno katika suala la utumwa walikutana Cleveland wakampendekeza John C. Frémont. Sasa palikuwa na hatari ya mbio za watu watatu.

Hapa ndipo kanuni inapouma. Rais wa Marekani huchaguliwa na wajumbe wa majimbo, na kama hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu ya wajumbe wote, uamuzi huhamia Baraza la Wawakilishi. Huko hawahesabu vichwa, wanahesabu majimbo: kila jimbo kura moja. Mwaka 1825 John Quincy Adams aliupata urais kwa njia hiyo hiyo, na wazee wengi wa mwaka 1864 waliikumbuka vizuri. Katika hesabu ya namna hiyo, mbunge mmoja wa Nevada angekuwa na uzito sawa na ujumbe mzima wa New York. Sensa ya mwaka 1860 ilikuwa imekuta watu 6,857 tu katika eneo hilo, bila kuwahesabu wenyeji wengi wa asili. Machimbo yaliwavuta wengine maelfu kwa maelfu baadaye, lakini hata sensa ya 1870 ilihesabu 42,491 pekee.

Nevada haikuwa peke yake katika mpango huo. Colorado ilipewa ruhusa siku ile ile, na Nebraska mwezi uliofuata. Kama hadithi ya Lincoln kujitengenezea majimbo ingekuwa kamili, tungeona majimbo matatu yakizaliwa. Wapiga kura wa Colorado waliikataa katiba yao. Wajumbe wa Nebraska walikutana mwezi Julai wakatawanyika bila kuandika kitu. Nebraska ilisubiri hadi 1867, Colorado hadi 1876. Washington ilifungua milango mitatu, na mmoja tu ndio uliopitwa. Kwa hiyo swali la maana ni kwa nini watu wa Nevada walikubali.

Shimo linalotozwa kodi

Walikuwa wamekwisha kukataa mara moja. Mwezi Septemba 1863 walipiga kura kwa wingi mkubwa kuunga mkono wazo la kuwa jimbo, wakachagua wajumbe, katiba ikaandikwa. Januari 1864 katiba hiyo ilipopelekwa kwao waliitupa: 8,851 walisema hapana, 2,157 wakasema ndiyo. Ni watu wale wale, katika vita ile ile, chini ya rais yule yule.

Sababu ilikuwa chini ya ardhi. Uchumi wa Nevada ulitegemea mshipa wa madini ya fedha na dhahabu uitwao Comstock, uliogunduliwa mwaka 1859, ambao juu yake ilijengwa miji ya Virginia City na Gold Hill. Katiba ya kwanza ilitaka migodi itozwe kodi kama mali nyingine yoyote. Mchimbaji mdogo mwenye shimo ambalo bado halijatoa kitu alijiuliza: nitalipa kodi ya giza? Mwenye mgodi unaozalisha angeweza kuhimili. Yule anayechimba kwa matumaini asingeweza. Jambo la pili lililoudhi ni kwamba orodha ya viongozi wa jimbo jipya ilipigiwa kura siku hiyo hiyo, na waliokosa nafasi kwenye orodha walikuwa na kila sababu ya kuiangusha katiba pamoja nayo. William Stewart, mwanasheria wa makampuni makubwa ya madini, ndiye aliyekuwa nguzo ya kambi ya ndiyo, na kwa wengi jina lake pekee lilitosha kuwatia shaka.

Miezi sita baadaye hali ilikuwa imebadilika. Tarehe 4 Julai 1864 wajumbe walikutana tena Carson City, na katika wiki tatu na ushee wakaandika katiba mpya ambayo kimsingi ilikuwa ile ya zamani ikiwa imetolewa mwiba. Kodi ya migodi sasa ingetozwa kwenye mapato yaliyobaki baada ya kutoa gharama. Shimo lisilotoa madini halikudaiwa.

Kulikuwa na jambo jingine pia, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Comstock ilikuwa imejaa kesi. Nani anamiliki mshipa unaopita chini ya kiwanja cha jirani? Mshipa ni mmoja au ni mingi iliyo sambamba? Migodi mizima ilisimama ikisubiri hukumu, na hukumu zilitolewa na majaji watatu walioteuliwa Washington, ambao watu wa pande zote waliwatuhumu kwa kupokea hongo. Bei za hisa za migodi zilianguka mwaka huo, wafanyakazi wakapoteza ajira, na Agosti majaji wote wakajiuzulu kwa shinikizo la umma lililoongozwa na Stewart huyo huyo. Kuwa jimbo kulimaanisha kuchagua majaji wenu wenyewe. Mtu aliyekaa bila kazi Gold Hill hakuhitaji kusikia habari za Baraza la Wawakilishi ili aelewe faida hiyo.

Tarehe 7 Septemba 1864 wakapiga kura tena: ndiyo 10,375, hapana 1,284. Siku tano tu kabla, jeshi la Kaskazini la Jenerali Sherman lilikuwa limeingia Atlanta, mji muhimu wa Kusini.

Gunia la unga la Austin

Isidhaniwe kwamba vita vilikuwa mbali na mioyo ya watu hao kwa sababu tu mizinga ilikuwa mbali. Nevada ilijaa watu waliotoka kila pande: wa New York na Ohio, wa Missouri na Kentucky, wahamiaji kutoka Ireland, Cornwall na Ujerumani. Askari wa kujitolea wa Nevada, kiasi cha watu 1,200, hawakupelekwa kupigana na Kusini. Walibaki magharibi wakilinda barabara ya kuvuka bara na waya wa telegrafu, ule ule utakaobeba katiba.

Mji wa Austin, katikati ya jangwa, ulifanya uchaguzi wa meya mwezi Aprili 1864. Reuel Gridley, mfanyabiashara wa vyakula mwenye asili ya Missouri na Mdemokrati aliyejulikana, aliwekeana dau na mpinzani wake wa kisiasa: atakayeshindwa atabeba gunia la unga la ratili 50, karibu kilo 23, apite nalo mjini mbele ya macho ya watu wote. Mgombea wa Gridley alishindwa. Akalibeba, bendi mbele, mji mzima nyuma.

Walipofika mwisho wa njia mtu akauliza unga huo ufanyiwe nini, na ikakubaliwa upigwe mnada, pesa ziende kwenye Tume ya Afya iliyohudumia askari wa Muungano, yaani wa Kaskazini, waliojeruhiwa. Aliyenunua hakulichukua. Alilirudisha liuzwe tena. Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Kutoka Austin gunia likapelekwa Virginia City, Gold Hill, Silver City na Dayton, kisha California, na hatimaye majimbo ya mashariki, likiuzwa na kurudishwa, na Gridley akisafiri nalo kwa muda mrefu kiasi cha kuiachia biashara yake iharibike. Gunia hilo bado limehifadhiwa mjini Reno.

Ninalieleza kwa urefu kwa sababu linasema jambo ambalo takwimu za kura haziwezi kulisema. Mtu ambaye mgombea wake alishindwa kwenye sanduku la kura, wa chama kilichotuhumiwa kuwapenda waasi, ndiye aliyewakusanyia majeruhi wa Kaskazini pesa nyingi kuliko karibu mtu yeyote wa jangwa lile. Ushindani wa vyama ulikuwa mkali, lakini haukuwa sawa na uhaini, ingawa magazeti ya pande zote mbili yaliuandika hivyo kila wiki.

Siku yenyewe

Tusifikirie chumba cha siri na karatasi moja yenye majina yote. Mwaka 1864 kila chama kilichapisha karatasi yake, mara nyingi kwa rangi au ukubwa unaotambulika, na mpiga kura alichukua ya chama chake akaitumbukiza sandukuni huku watu wakimtazama. Msimamizi wako wa mgodini akisimama hapo, atajua ulichochagua.

Nani aliruhusiwa? Mwanaume mweupe, raia, mwenye miaka 21, aliyekaa jimboni miezi sita. Katiba iliongeza sharti la wakati wa vita: aliyechukua silaha kwa hiari yake dhidi ya Marekani, au kushika cheo katika serikali ya majimbo yaliyojitenga, asingepiga kura hadi apewe msamaha. Askari walio kazini waliruhusiwa kupiga kura. Na katika tamko la haki, mahali ambapo katiba nyingine huzungumzia uhuru wa mtu mmoja mmoja, Nevada iliandika kwamba utii wa kwanza wa kila raia ni kwa serikali ya shirikisho, na kwamba hakuna jimbo lenye haki ya kujitenga. Sentensi hiyo bado imo.

Lincoln alipata kura 9,826, na Jenerali George McClellan, mgombea wa Wademokrati, 6,594. Kwa asilimia ni takriban 60 kwa 40. Nchi nzima Lincoln alipata asilimia 55. Nevada basi ilimpenda kuliko wastani wa nchi, lakini haikuwa jimbo la mfukoni mwake: wanaume wanne katika kila kumi walitumbukiza karatasi ya McClellan hadharani, jirani akiona, katikati ya vita. Nafasi za uongozi wa jimbo zilichukuliwa na chama cha Muungano, jina la wakati wa vita la chama cha Lincoln, na Henry Blasdel akawa gavana wa kwanza wa kuchaguliwa.

Jimbo lilikuwa na wajumbe watatu wa kumchagua rais. Walitakiwa kupiga kura zao mwanzoni mwa Desemba. Mmoja wao alizuiwa na theluji njiani, na kura yake ikapotea. Baada ya katiba kusafirishwa kwa waya kwa dola zaidi ya elfu nne ili jimbo liwahi, Nevada ilitoa kura mbili badala ya tatu.

Na hazikuhitajika. Frémont alikuwa amejitoa Septemba. Atlanta ilikuwa imeanguka. Lincoln, ambaye tarehe 23 Agosti alikuwa ameandika kwenye waraka wa siri kwamba kuna uwezekano mkubwa serikali yake isichaguliwe tena, alipata wajumbe 212 kwa 21. McClellan alichukua New Jersey, Delaware na Kentucky tu.

Je, haraka ilikuwa bure?

Wapo wanaosema Nevada iliharakishwa kwa ajili ya madini yake ya fedha, ili yalipie vita. Hoja hiyo imezoeleka sana, nami naiona dhaifu. Nevada ilikuwa eneo la shirikisho tangu Machi 1861, gavana wake aliteuliwa na rais, na madini yake yalikuwa yanatoka na kuuzwa San Francisco bila kusubiri cheo cha jimbo. Tangazo la 31 Oktoba halikuongeza wakia moja.

Hoja ya kura za urais tumeiona: ilikuwa ya busara Machi, haikuwa na kazi Novemba. Siwalaumu walioipanga. Mtu aliyesoma hali ya kisiasa ya nusu ya kwanza ya 1864 na asijiandae kwa uamuzi wa Baraza la Wawakilishi angekuwa mzembe.

Inabaki hoja ya tatu, ya Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa. Charles Dana, naibu waziri wa vita, alisimulia miaka mingi baadaye kwamba Lincoln alimtuma kushawishi wabunge kuhusu Nevada, akiamini kura ya jimbo hilo kwa marekebisho ingekuwa nafuu kuliko kutafuta askari wengine. Kumbukumbu ya uzeeni si shahidi wa kutegemewa peke yake, na sheria ya Nevada ilitiwa saini kabla hata Seneti haijapitisha marekebisho hayo tarehe 8 Aprili. Lakini matokeo yanaonekana wazi. Mwezi Juni 1864 Baraza la Wawakilishi lilishindwa kufikisha theluthi mbili. Tarehe 31 Januari 1865 lilipiga tena: 119 kwa 56. Ilihitajika 117. Miongoni mwa hao 119 alikuwemo Henry Worthington, mbunge pekee wa Nevada, aliyeapishwa wiki chache tu kabla. Tarehe 16 Februari bunge la Nevada likaridhia.

Hesabu ya kuridhia inastahili kutazamwa kwa makini. Katiba hudai robo tatu ya majimbo. Robo tatu ya 36 ni 27 kamili. Na kama Nevada isingekuwepo? Robo tatu ya 35 ni 26 na kitu, na kwa kuwa jimbo halikatwi vipande, bado ingehitajika 27. Kuongezeka kwa Nevada hakukupandisha kizingiti hata kidogo, ila kuliongeza ndiyo moja. Georgia ilipokamilisha idadi tarehe 6 Desemba 1865, Nevada ilikuwa ndani ya ile 27. Tukiiondoa, marekebisho yangesubiri jimbo linalofuata. Kusubiri huko, kwa kweli, kungekuwa kwa siku chache tu, kwa sababu Oregon iliridhia muda mfupi baada ya Georgia. Mchango wa Nevada ulikuwa wa kweli na ulikuwa mdogo, na mimi naona ni heshima zaidi kwa jimbo hilo kuusema kwa kipimo chake kuliko kulitwisha sifa ya kuwaokoa Lincoln na Muungano.

Waliokuwa nje ya hesabu

Waya uliobeba ile katiba ulipita kwenye nchi ya Washoshone wa Magharibi. Tarehe 1 Oktoba 1863, huko Ruby Valley, Gavana Nye alikuwa miongoni mwa waliotia saini mkataba nao. Mkataba huo uliruhusu njia, telegrafu, reli na machimbo kupita na kufanya kazi katika nchi yao, lakini hauna neno la kuikabidhi ardhi. Wapaiute walikuwa wamepigana vita karibu na Ziwa Pyramid mwaka 1860 dhidi ya walowezi waliofuata madini. Hakuna hata mmoja wa watu hao, wala Wawashoe ambao Carson City ilijengwa katika nchi yao, aliyeulizwa Januari, Septemba au Novemba.

Wanaume Weusi wa Virginia City nao walibaki nje katika uchaguzi ambao hatima ya utumwa ilikuwa ndani yake. Mlango wao ulifunguliwa kwa njia isiyotarajiwa. Stewart, yule mwanasheria wa migodi ambaye kambi yake iliangushwa Januari 1864, alikuwa sasa seneta, na alishika nafasi kubwa katika kuandika maneno ya mwisho ya Marekebisho ya 15, yanayokataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi. Nevada ilikuwa jimbo la kwanza kuyaridhia, tarehe 1 Machi 1869. Wachina waliokuwa wakijenga reli na kufua nguo katika miji ile ile hawakupata kitu, kwa kuwa sheria ya uraia haikuwaruhusu kuwa raia. Wanawake wa Nevada walipata kura mwaka 1914. Washoshone, Wapaiute na Wawashoe walisubiri sheria ya uraia ya mwaka 1924, miaka 60 baada ya telegramu ya Gavana Nye.